Nepal: Mfalme aliondoka, mbona mawaziri wakuu hawakai?

Kati ya Agosti 2008 na Septemba 2025, Nepal iliapisha wakuu wa serikali mara 14. Hakuna hata mmoja kati ya 13 wa kwanza aliyemaliza miaka mitano. Ukipiga hesabu, kila mmoja wao alikaa madarakani kwa wastani wa takriban miezi 16 tu.

Lakini idadi hiyo ni nusu tu ya habari. Kuanzia Oktoba 2015 hadi Septemba 2025 serikali iliundwa mara saba, na waliokalia kiti ni watu watatu wale wale: KP Sharma Oli, Pushpa Kamal Dahal na Sher Bahadur Deuba. Huyu anatoka, yule anaingia, kisha wa kwanza anarudi.

Wananchi walimwondoa mfalme ili wapate uwezo wa kubadilisha viongozi wao. Ilikuwaje basi serikali zikawa zinabadilika kila mara huku viongozi wakibaki wale wale? Na kwa nini Septemba 2025 vijana waliingia barabarani kuuvunja mzunguko huo?

Kwa ufupi

- Nepal ilifuta ufalme Mei 28, 2008, baada ya takriban miaka 240 ya ukoo wa Shah.
- Katiba ya sasa ilianza kutumika Septemba 20, 2015. Nchi ni shirikisho lenye majimbo 7 na serikali za mitaa 753.
- Waziri mkuu ndiye kiongozi wa serikali. Rais ni mkuu wa nchi, ila madaraka yake mengi ni ya heshima.
- Baraza la Wawakilishi lina wabunge 275. Ili kuunda serikali unahitaji angalau 138.

Mfalme aliondokaje?

Ufalme wa Shah ulianza na Prithvi Narayan Shah, aliyeunganisha falme ndogo ndogo na kuiteka Kathmandu mwaka 1768. Kuanzia 1846 hadi 1951 madaraka halisi yalikuwa kwa familia ya Rana, waliorithishana uwaziri mkuu huku mfalme akibaki jina.

Uchaguzi mkuu wa kwanza ulifanyika 1959 na BP Koirala akawa waziri mkuu. Hakudumu. Desemba 1960 Mfalme Mahendra alimwondoa na baadaye akapiga marufuku vyama vya siasa. Marufuku hiyo ilidumu hadi 1990, maandamano makubwa yalipomlazimisha Mfalme Birendra kukubali vyama vingi.

Mwaka 1996 waasi wa Kimao walianzisha vita msituni wakitaka jamhuri. Vita hivyo vilidumu miaka kumi na kuua takriban watu 17,000.

Katikati ya vita, Juni 1, 2001, Birendra na watu wengi wa familia yake walipigwa risasi wakiwa kwenye kasri. Tume ya uchunguzi ilisema aliyefyatua ni mwanawe, Dipendra, ambaye naye alifariki siku chache baadaye. Taji likaenda kwa Gyanendra, mdogo wake Birendra.

Februari 1, 2005, Gyanendra aliivunja serikali na kutawala mwenyewe. Hapo ndipo alipowaunganisha maadui wake: vyama vya kiraia na Wamao wakakubaliana kushirikiana. Aprili 2006 maandamano ya siku 19 yalimlazimisha kulirudisha bunge. Mkataba wa amani ulisainiwa Novemba mwaka huo.

Bunge Maalumu la Katiba lilipokutana kwa mara ya kwanza Mei 28, 2008, wajumbe 560 walipiga kura kuufuta ufalme. Waliopinga walikuwa wanne. Gyanendra alipewa siku 15 kuondoka Narayanhiti. Aliondoka bila risasi kupigwa, na kasri likageuzwa makumbusho.

Waziri mkuu anapatikanaje?

Kwa msomaji wa Tanzania au Kenya, mfumo huu unaweza kuchanganya kidogo. Tanzania, waziri mkuu huteuliwa na rais na kufanya kazi chini yake. Kenya, rais akishachaguliwa ana muhula wake wa miaka mitano. Nepal, mwananchi hamchagui kiongozi wa serikali moja kwa moja. Anachagua wabunge, na wabunge ndio wanaoamua nani aongoze na aongoze mpaka lini.

Kifungu cha 76 cha katiba kimeweka ngazi nne:

1. Chama kimoja kikipata wingi, kiongozi wake wa bungeni anakuwa waziri mkuu.
2. Kisipokuwepo, rais humteua mbunge anayeungwa mkono na vyama viwili au zaidi vyenye wingi kwa pamoja.
3. Hilo likishindikana, zamu inakwenda kwa kiongozi wa chama chenye wabunge wengi kuliko vingine.
4. Huyo naye akikwama, mbunge yeyote anayeweza kuonyesha kwamba ana wingi anateuliwa.

Anayeteuliwa kwa ngazi ya pili, ya tatu au ya nne lazima apigiwe kura ya imani ndani ya siku 30. Ngazi zote zikishindikana, bunge linavunjwa na uchaguzi unafanyika ndani ya miezi sita.

Kwenye karatasi ni mpango mzuri. Walioandika katiba walikumbuka jinsi mfalme alivyoweza kuivunja serikali akijisikia, hivyo wakataka bunge lipewe kila nafasi ya kutafuta kiongozi kabla ya nchi kurudi kwenye uchaguzi. Tatizo ni kwamba ngazi hizo hizo zimewapa wanasiasa uwanja wa kupiga dili.

Hesabu ambayo haitimii

Wabunge 165 huchaguliwa majimboni, kila jimbo la uchaguzi mbunge mmoja. Wengine 110 hupatikana kwa uwiano wa kura za vyama nchi nzima, na chama kinahitaji angalau asilimia 3 ili kupata mgao huo. Sehemu ya uwiano iliwekwa ili wanawake, Wadalit, Wamadhesi, jamii za asili na makundi mengine yaliyosahauliwa kwa karne nyingi yapate sauti. Na kweli bunge lilibadilika sura.

Upande wa pili wa shilingi ni kwamba chini ya mfumo huu ni vigumu sana chama kimoja kufikisha 138.

Mfano mzuri ni uchaguzi wa Novemba 2022. Nepali Congress ya Deuba ilipata viti 89. UML, chama cha kikomunisti cha Oli, kilipata 78. Chama cha Wamao cha Dahal, anayejulikana zaidi kwa jina lake la vita, Prachanda, kilipata 32.

Aliyekuwa waziri mkuu? Yule wa 32.

Prachanda alikwenda kwenye uchaguzi akiwa na Congress. Walipogombana kuhusu nani aanze kukalia kiti, akahamia kwa Oli na kuapishwa Desemba 2022. Miezi miwili baadaye alimuunga mkono mgombea urais wa Congress, na UML ikajitoa. Machi 2024 akaachana na Congress na kurudi UML. Kila alipobadilisha mshirika, ilibidi aombe kura ya imani upya. Alishinda nne. Ya kwanza, Januari 2023, alipata kura 268.

Ya tano ilipigwa Julai 12, 2024. Safari hii Congress na UML, vyama viwili vikubwa na mahasimu wa muda mrefu, walikuwa wamekubaliana wenyewe kwa wenyewe kugawana muda uliobaki: Oli aanze, Deuba amalizie. Prachanda akabaki na kura 63, na 194 zikampinga. Siku tatu baadaye Oli akaapishwa.

Katika miezi hiyo takriban 18, hakuna mwananchi aliyepiga kura kubadilisha chochote. Viti vya vyama hivyo bungeni vilikuwa karibu vile vile. Kilichobadilika ni nani alikuwa anaongea na nani.

Ulinzi wenye mwanya

Katiba ilijaribu kuzuia mchezo huu. Kifungu cha 100 kinasema hoja ya kutokuwa na imani na waziri mkuu haiwezi kuletwa ndani ya miaka miwili ya kwanza. Ikiletwa na kushindwa, hairudi mpaka mwaka upite. Tena ni lazima isainiwe na robo ya wabunge na imtaje atakayechukua nafasi.

Ila kifungu hicho hicho kinasema mshirika wa mseto akijitoa, waziri mkuu lazima aombe kura ya imani ndani ya siku 30. Kwa hiyo, badala ya kuleta hoja ya kumwangusha, chama mshirika kinaandika barua tu ya kujitoa. Ile miaka miwili ya ulinzi inakuwa haina kazi.

Walioongoza tangu jamhuri hadi Septemba 2025

- Pushpa Kamal Dahal "Prachanda": Agosti 2008 – Mei 2009
- Madhav Kumar Nepal: Mei 2009 – Februari 2011
- Jhala Nath Khanal: Februari – Agosti 2011
- Baburam Bhattarai: Agosti 2011 – Machi 2013
- Khil Raj Regmi, jaji mkuu, serikali ya mpito: Machi 2013 – Februari 2014
- Sushil Koirala: Februari 2014 – Oktoba 2015
- KP Sharma Oli: Oktoba 2015 – Agosti 2016
- Prachanda: Agosti 2016 – Juni 2017
- Sher Bahadur Deuba: Juni 2017 – Februari 2018
- Oli: Februari 2018 – Julai 2021
- Deuba: Julai 2021 – Desemba 2022
- Prachanda: Desemba 2022 – Julai 2024
- Oli: Julai 2024 – Septemba 2025
- Sushila Karki, serikali ya mpito: aliapishwa Septemba 2025

Orodha hii ina watu tisa tu. Deuba peke yake amekuwa waziri mkuu mara tano, tatu kati ya hizo enzi za mfalme.

Wakati mwingine hata kupata jina moja ilikuwa kazi. Madhav Kumar Nepal alijiuzulu Juni 2010, lakini wabunge walipiga kura raundi 17 kabla ya kumpata Khanal Februari 2011. Muda wote huo nchi iliongozwa na mtu aliyekwishaandika barua ya kuacha kazi.

Hata aliyekuwa na wingi hakumaliza

Kuna anayeweza kusema shida ni serikali za mseto tu. Historia inakataa.

Mwaka 2017 UML na Wamao waligombea pamoja na kushinda viti 174 kati ya 275. Mwaka uliofuata waliunganisha vyama vyao kuwa kimoja. Nepal ilikuwa haijaona serikali yenye nguvu kiasi hicho tangu jamhuri ianze, na wengi waliamini safari hii miaka mitano itatimia.

Haikutimia. Ndani ya chama, Oli na Prachanda walivutana kuhusu makubaliano ya kupokezana uongozi. Alipoona anazidiwa na wenzake, Oli aliomba bunge livunjwe Desemba 20, 2020. Mahakama ya Juu ikalirudisha Februari 2021. Mei akajaribu tena. Julai 12, 2021 mahakama ikalirudisha kwa mara ya pili na kuagiza Deuba ateuliwe.

Kwa upande mmoja huo ulikuwa ushindi mkubwa wa jamhuri. Mwaka 2005 hakuna mahakama iliyomzuia Gyanendra kushika madaraka yote, ila 2021 majaji walimzuia waziri mkuu mara mbili na akaheshimu hukumu. Kwa upande mwingine, serikali iliyokuwa na viti vya kutosha iliangushwa na ugomvi wa viongozi wake wenyewe.

Nani analipa gharama?

Serikali ikibadilika, wanaohama sio mawaziri tu. Mabalozi, wakuu wa mashirika ya umma na washauri hubadilishwa pia, na mipango iliyokuwa nusu njia hukaa mezani.

Tetemeko la Aprili 25, 2015 liliua karibu watu 9,000. Mamlaka ya kusimamia ujenzi mpya iliundwa rasmi mwisho wa Desemba, miezi minane baadaye, huku vyama vikivutana. Familia nyingi zilipitisha majira ya baridi kwenye vibanda vya mabati na maturubai.

Shirikisho lenyewe nalo limekwama nusu. Katiba ya 2015 iliahidi kuyapa majimbo mamlaka yake, lakini miaka kumi baadaye sheria ya utumishi wa umma wa shirikisho, ambayo ndiyo ingepanga nani anaajiri na kusimamia wafanyakazi wapi, ilikuwa bado haijakamilika. Jimbo lina bunge, lina waziri kiongozi, lakini watumishi muhimu wanasubiri amri kutoka Kathmandu.

Tena siasa za Kathmandu zinashuka mpaka huko chini. Mseto ukivunjika kitaifa, na majimboni serikali zinayumba. Jimbo la Koshi, mashariki mwa nchi, lilibadilisha waziri kiongozi mara kadhaa ndani ya mwaka 2023 pekee, kesi zikienda na kurudi mahakamani.

Wengi wameamua kutafuta maisha kwingine. Mamilioni ya Wanepali wanafanya kazi nje, hasa nchi za Ghuba, Malaysia na India, na fedha wanazotuma nyumbani ni zaidi ya robo ya pato la taifa. Ndiyo maana suala la nani ni waziri mkuu huonekana dogo kwa mama wa kijijini anayengoja fedha za mwanawe kutoka Qatar, hadi siku anapohitaji huduma ya serikali na kukuta ofisi haina mtu.

Septemba 2025: vijana wavunja zamu

Septemba 4, 2025, serikali ya Oli ilifungia majukwaa 26 ya mitandao ya kijamii ikisema hayakujisajili. Kwa nchi ambayo karibu kila ukoo una mtu ughaibuni, hiyo ilikuwa sawa na kukata simu za familia. Lakini hasira ilikuwa imeanza kabla. Kwa muda vijana walikuwa wakisambaza picha na video za maisha ya kifahari ya watoto wa wanasiasa na kuuliza fedha hizo zimetoka wapi.

Septemba 8 maelfu ya Gen Z, wengine wakiwa na sare za shule, waliandamana Kathmandu. Polisi walifyatua risasi, na watu 19 waliuawa siku hiyo. Usiku marufuku ya mitandao iliondolewa, ila maji yalikuwa yameshamwagika. Kesho yake bunge, jengo la serikali la Singha Durbar na Mahakama ya Juu viliwashwa moto. Oli akajiuzulu. Jumla ya waliopoteza maisha katika siku hizo ilipita 70.

Vijana walijadiliana kwenye programu ya Discord nani aongoze kipindi cha mpito, na jina lililopata nguvu likawa la Sushila Karki, mwanamke wa kwanza kuwa jaji mkuu wa Nepal. Baada ya mazungumzo kati ya rais, jeshi na wawakilishi wa waandamanaji, aliapishwa Septemba 12 na kuwa mwanamke wa kwanza kuiongoza serikali ya nchi hiyo. Siku hiyo hiyo bunge lilivunjwa, na uchaguzi ukapangwa Machi 5, 2026.

Hapa kuna swali gumu ambalo wanasheria wa Nepal walilibishania. Katiba inataka waziri mkuu awe mbunge. Karki hakuwa mbunge. Zile ngazi nne hazikutumika, na rais alipitia kifungu cha 61, kinachompa jukumu la kuilinda katiba. Waliounga mkono walisema hakukuwa na njia nyingine ya kuzuia damu zaidi. Waliopinga walisema mlango ukishafunguliwa mara moja, kuna siku atapita mtu mwingine mwenye nia tofauti.

Je, kuna wanaotaka mfalme arudi?

Wapo. Machi 2025 umati ulimpokea Gyanendra kwenye uwanja wa ndege wa Kathmandu ukitaka arejeshwe, na maandamano ya Machi 28 yaliishia kwa vifo vya watu wawili. Chama kinachotetea ufalme, Rastriya Prajatantra Party, kilitoka kiti kimoja mwaka 2017 hadi 14 mwaka 2022. Hata hivyo viti 14 kati ya 275 ni sauti, sio wingi. Na wakati wa vurugu za Septemba 2025, waandamanaji waliodai jina la kiongozi walimpata kwa jaji mstaafu, sio kasri.

Nini kinapendekezwa?

Mapendekezo mawili ndiyo yanayojirudia. La kwanza ni wananchi wamchague kiongozi wa serikali moja kwa moja, jambo ambalo Wamao walilidai tangu katiba ikiandikwa na baadhi ya vijana wa 2025 wakalidai tena. Wanaoliogopa wanakumbusha kwamba mtu mmoja mwenye madaraka makubwa asiyeondoleka ndiye hasa aliyefukuzwa 2008.

La pili ni kuugusa mfumo wa uwiano ili chama kimoja kiweze kupata wingi. Hapo Wamadhesi, Wadalit na jamii za asili wanauliza: nani atapunguziwa viti ili serikali idumu?

Yote mawili yanahitaji kubadilisha katiba, na hilo linataka theluthi mbili ya bunge. Mpaka hapo, sheria ni ile ile: yeyote atakayetaka kuiongoza Nepal, mkongwe au kijana, ataanza kwa kutafuta wabunge 138, kisha atatakiwa kubaki nao.